Diski Thelathini na Moja

S.L.P. 2214,
Kakamega.
12 Januari 1997

Mwanangu Abdulfatah,

Assalaam aleikum. Habari ya afya yako na ya masomo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Ramadhani tumeianza juzi na jua la mwaka huu halina huruma, saa nane koo limekauka kama karatasi. Miguu yangu inavimba nikikaa sana kwenye kiti, lakini hiyo unaijua. Dada yako Zeituni yuko salama kule Ekero, na watoto wake pia. Anakusalimu.

Nina habari. Nimepata kompyuta.

Unamkumbuka Cherotich, yule mtafiti wa ndege wa msitu wa Isecheno ambaye nimekuwa nikimpigia taipu ripoti zake? Mradi wao umeletewa mashine mpya, naye akaniletea ile ya zamani, na skrini yake, na printa yake ya utepe. Aliishusha mwenyewe kwenye gari, akaiweka juu ya meza yangu, akasema, "Mama Fatah, hii ni yako. Lakini ni tupu. Wenye mradi walifuta kila kitu." Ukiiwasha inaandika mstari mmoja wa Kizungu kwamba haina mfumo, basi inanyamaza. Naiwasha kila asubuhi kana kwamba itabadilisha nia.

Sikuombi kwa sababu ya raha. Tangu walipotupunguza kazini pale ofisi ya mkoa, nimeishi kwa mitihani ya shule. Walimu wa Malava, wa Shinyalu, wote walikuwa wananiletea mimi mitihani yao niwapigie stenseli za kurudufu. Sasa mwalimu mkuu anasema anataka ya kompyuta, eti ya taipu inaonekana ya zamani. Muhula uliopita shule nne ziliondoka. Nilikwenda kwa Isaiah, yule mwenye chuo cha kompyuta juu ya duka la dawa, nikamwomba anitilie programu. Akacheka kidogo, akasema, "Leta mashine hapa kwangu, nawe uje nayo, utakuwa unanifanyia kazi." Nina miaka hamsini na nne, Fatah. Sitaki bosi mwingine.

Wewe ndiye unayesomea vitu hivi, na huu ni mwaka wako wa tatu. Niambie nifanye nini. Huku hakuna mtandao. Wanasema Nairobi uko, lakini hapa hata simu ya posta inakatika ukishasema jina lako tu.

Jifunike vizuri na baridi hiyo.

Mama yako,
Hamida


Bremen,
16 Februari 1997

Kwako Mama mpendwa,

Wa aleikum salaam. Pole na mfungo, na Idi njema ingawa imepita. Mimi ni mzima. Huku theluji imeganda barabarani na kila mtu anatembea kama mzee. Nilisali Idi na Waturuki, tukala nyama, nikakumbuka nyumbani.

Mama, nimefurahi sana kuhusu mashine. Pamoja na barua hii utapokea kifurushi chenye diski thelathini na moja, zile ndogo za kuingiza kwa mbele. Ndani yake kuna mfumo unaoitwa Linux. Umeandikwa na watu wengi wa nchi mbalimbali, nao wanaugawa bure, kwa hiyo hakuna atakayekuja kukuuliza umeutoa wapi. Una madirisha, una kipanya, una programu ya kuandikia. Watu wa huku wanauvuta moja kwa moja kwa mtandao. Wewe utaulisha kwa mkono, diski moja baada ya nyingine.

Nimeandika maelezo kurasa sita. Wewe miaka yote umekuwa ukinakili maandishi ya watu, na hii ni kazi ya kunakili. Andika nilichoandika, herufi kwa herufi. Palipo na nafasi, weka nafasi. Palipo na mkwaju (/), weka mkwaju. Usiruke kitu. Mashine ikiuliza diski ya pili, ipe ya pili. Kila diski nimeipa namba.

Nisamehe barua ni fupi. Kuna mitihani.

Mwanao,
Fatah


Kakamega,
20 Machi 1997

Mwanangu Fatah,

Salaam nyingi. Natumai theluji imekuachilia. Hapa mvua imeanza, ile ya kila mchana. Zeituni alinichukua kwake siku ya Idi, akachinja kuku, ingokho hasa, nikala na ugali wetu wa obusuma mpaka nikaona haya.

Kifurushi kilifika tarehe 11. Watu wa forodha walikuwa wamekifungua. Yule karani wa posta alizimwaga zote mezani, akauliza, "Mama, hizi ni kanda za nyimbo?" Nikamwambia ni kazi. Akazihesabu mara mbili.

Sasa nikueleze jinsi inavyokwenda huku. Asubuhi ndio wakati wangu. Ikifika saa saba ninaangalia mawingu juu ya msitu, na ikifika saa nane lazima nizime kila kitu na kuchomoa waya ukutani, kwa sababu radi ya Kakamega haichezi na vyombo vya watu. Mwaka juzi iliua redio ya Jescah pamoja na friji yake. Jescah ni yule mwenye mashine ya kopi, mlango wa pili kutoka kwangu. Kwa hiyo nina saa tano au sita kwa siku, stima ikiwepo.

Siku ya kwanza nilifika diski ya sita, stima ikapotea. Siku ya pili nikaanza upya, nikafika diski ya kumi na nne. Hiyo imekataa. Inakwaruza ndani kama panya, halafu mashine inaandika kosa, inauliza tena, inaandika kosa. Nimeitoa, nimeifuta, nimeirudisha mara ishirini. Nilijaribu kuiruka, nikaona ya kumi na tano nayo inamtafuta mwenzake. Jescah aliingia akanikuta nimeishika ile diski kwenye mwanga wa mlango.

"Hamida, wewe unaongeanga na hiyo kitu?"

"Naisihi."

"Si uende tu kwa Isaiah?"

Nikairudisha ndani ya mashine. Shule ya tano imeondoka wiki hiyo hiyo.

Nitumie nyingine ya kumi na nne. Nakuuliza pia jambo dogo. Lebo za hizi diski zimeandikwa na mikono tofauti tofauti, na majina yamekatwa kwa kalamu. Hizi ni za nani?

Mama yako,
Hamida


Bremen,
8 Aprili 1997

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum. Miguu inaendeleaje? Weka juu ya stuli ukikaa. Mimi ni mzima, ni uchovu tu.

Pole sana kwa diski ya kumi na nne. Nimekutumia nakala mbili zake, na nakala za ziada za tano nyingine ninazozitilia shaka. Lebo usizijali, ni za wenzangu wa darasa, walinipa za zamani.

Ukishamaliza zote, kabla hujaanza kuitumia, fanya kitu kimoja zaidi. Kumbuka mwanzoni tuliigawa diski kubwa ya ndani mara mbili. Sehemu ya kwanza ina mfumo. Ya pili nataka iwe ya kuhifadhi kazi za wateja, ili mfumo ukiharibika kazi zao zisipotee. Hiyo ya pili bado haijaandaliwa. Iwashe mashine kwa zile diski mbili za mwanzo, subiri mpaka ikuulize, halafu andika hivi:

mke2fs /dev/hda1

Itajaza namba nyingi kwenye skrini. Ziache zipite. Ikimaliza, toa diski, iwashe upya, basi.

Kuhusu madirisha na kipanya, hiyo ni hatua ya mwisho, nayo ina hatari kidogo kwa skrini. Nitakuandikia peke yake.

Mwanao,
Fatah


Kakamega,
6 Mei 1997

Fatah,

Salaam. Mimi ni mzima wa mwili.

Diski zako zilifika tarehe 28. Tarehe 29 na 30 nililisha mashine zote thelathini na moja. Hakuna hata moja iliyokataa. Nilipoizima na kuiwasha ikasoma maneno mengi, ikaniuliza jina langu. Nikaandika hamida. Ikanipokea. Niliita Jescah aje aone, tukanywa chai mbele yake kama mgeni.

Kesho yake nikafuata barua yako. Nikaiweka upande wa kushoto wa kibodi, kama nilivyokuwa nikiweka barua za mkuu wa mkoa, nikaandika ulichoandika. Namba zikapita. Nikatoa diski, nikaiwasha upya. Haikusema kitu.

Nilikaa pale mpaka mvua ikaja. Niliisoma barua yako tena na tena. Umesema sehemu ya pili, lakini umeandika moja. Nilifuta kila kitu nilichojaza kwa siku mbili, Fatah. Nilikifuta mwenyewe, kwa vidole vyangu, kwa sababu nilinakili sawasawa.

Miaka ishirini na sita nimepiga taipu ya watu wengine. Nilifundishwa kwamba mpiga taipu hasahihishi mkubwa, anapiga alichopewa. Siku hiyo nilipaswa kujiuliza, nami sikujiuliza. Kwa hiyo kosa ni letu wawili.

Lakini si hilo lililonifanya nikose usingizi. Maisha yangu yote nimesoma mwandiko wa watu. Nilikuwa najua afisa fulani ameamka na homa kabla hajafungua mdomo, kwa kuona tu rasimu yake. Nimetoa barua zako zote za tangu mwaka wa kwanza, nikazipanga kitandani. Za zamani herufi zimesimama. Tangu Novemba zimelala, na mistari inashuka mwishoni. Barua zimekuwa fupi. Hutaji tena mwalimu hata mmoja kwa jina. Zamani ulikuwa ukinichekesha na yule wa hesabu anayevaa soksi tofauti.

Una nini, mwanangu? Unaumwa? Niambie. Mashine inaweza kungoja.

Mama yako,
Hamida


Kakamega,
30 Juni 1997

Mwanangu Fatah,

Assalaam aleikum. Ni wiki ya nane sasa. Naenda posta Jumatatu na Alhamisi, yule karani akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua sanduku. Zeituni anauliza, namwambia una mitihani. Tafadhali usinifanye niwe mwongo kwa muda mrefu.

Sijui kama unasoma barua hizi. Nitaandika hivyo hivyo.

Wiki mbili sikuigusa mashine. Niliifunika kwa leso, nikarudi kwenye taipu yangu, lakini kazi ilikuwa ya barua mbili tatu za kuomba kazi na tangazo moja la matanga. Kaa kaa, nikaona ninaikodolea macho ile leso kutwa nzima. Nikaifunua. Nikaanza tena diski ya kwanza. Safari hii sikunakili tu. Kila nilipoandika amri niliuliza kwanza, hii inafanya nini? Ndani ya mfumo wenyewe kuna maelezo, marefu, ya Kizungu kigumu, yameandikwa na watu ambao hawakuwahi kufikiria mtu kama mimi. Niliyasoma na kamusi. Mengine niliyanakili kwenye daftari ya mraba. Ile sehemu ya pili niliiandaa mwenyewe, na nilipofika kwenye namba nilitoa mkono kwenye kibodi, nikasema kwa sauti, "Mbili." Nikaandika mbili.

Hatua ya madirisha ilinitesa. Mashine inauliza skrini yako inaweza kujichora upya mara ngapi kwa sekunde, na inakuonya kwamba ukidanganya, skrini inaweza kuungua. Mimi nitajuaje? Hakuna kilichoandikwa nyuma yake. Nikapanda gari mpaka kituo cha barabarani, nikatembea hadi Isecheno kwenye matope, kumtafuta Cherotich. Alikuwa msituni. Nilimngoja kwenye baraza ya ofisi yao mpaka saa sita, miguu imejaa. Alipofika alinitazama viatu, akasema, "Mama Fatah, ungenitumia ujumbe tu!" Akapekua makasha matatu ya karatasi za ndege, akapata kijitabu cha ile skrini, kimeliwa pembe na mchwa. Namba zilikuwa ukurasa wa mwisho. Mchwa hawakuwa wamefika huko.

Jumanne tarehe 24, saa nne na nusu asubuhi, niliandika amri ya kufungua madirisha, startx. Skrini ikawa nyeusi. Nikashika waya tayari kuuchomoa. Halafu ikawa ya kijivu, yenye vitone vidogo vidogo kama kitambaa cha gunia, na katikati kuna alama ndogo ya msalaba. Nikasogeza kipanya, ule msalaba ukasogea. Nikausogeza kushoto, ukaenda kushoto. Baadaye dirisha likafunguka, na ndani yake kimstari cha kuandikia kinawaka na kuzimika, kinaningoja.

Sikuita mtu. Nilikaa tu. Nilijisikia mchovu, wala sikuwa na furaha niliyoitarajia, kwa sababu mtu niliyetaka kumwambia hanijibu.

Jescah akaja mwenyewe. Akasimama nyuma yangu. "Imekubali?"

"Imekubali."

"Basi mbona unalia?"

Fatah, kama ni lile kosa la namba moja, nimekwisha kulisamehe siku ile ile. Kama ni jambo jingine, liandike. Hata likiwa baya. Hata likiwa mstari mmoja.

Mama yako,
Hamida


Bremen,
19 Julai 1997

Mama,

Assalaam aleikum. Siumwi. Nakuomba radhi kwa kukuacha ungoje. Barua yako ya Mei niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na tangu siku hiyo nimeanza kujibu mara kumi na nikachana mara kumi.

Mimi si mwanafunzi tena. Tangu Oktoba mwaka jana. Huku, mtihani ukikushinda mara ya tatu, somo hilo huruhusiwi tena, na bila somo hilo huwezi kuendelea. Mimi ni hesabu iliyonishinda. Mara ya kwanza nilisema ni lugha. Mara ya pili nikasema ni homa. Mara ya tatu nilikaa na ile karatasi saa tatu nzima, nikaelewa maswali yote, na sikuweza kuyajibu. Yule mwalimu wa soksi ndiye aliyeniita ofisini. Alikuwa mpole. Afadhali angenifokea.

Nilikuwa nafanya kazi ya usafi kwenye jengo hilo hilo ili kujisaidia, nami nikaendelea nayo. Nasafisha maabara ya kompyuta niliyokuwa nikisomea. Wenzangu wako mwaka wa tatu. Wengine wananisalimu, wengine wananionea haya kuliko ninavyojionea mimi. Diski zako nilizitoa kwenye mapipa ya taka, Mama. Wanafunzi wanazitupa zikianza kuharibika, ndiyo maana zina majina ya watu, na ndiyo maana ile ya kumi na nne ilikufa. Msimamizi wa maabara ni mzee mmoja asiyeuliza mengi. Aliniruhusu kunakili asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa. Nilizipima moja moja, mbovu nikazirudisha pipani, nikasema angalau kitu hiki kimoja nitakifanya vizuri. Halafu nikaandika moja badala ya mbili. Siku ile nilikuwa nimefagia majengo mawili kwa sababu mwenzangu hakuja. Lakini sitasingizia hilo. Niliposoma kwamba umefuta kila kitu kwa mkono wangu, nilijiambia, hata kufundisha mama yako huwezi.

Kibali changu cha kukaa kinakwisha tarehe 30 Septemba. Hawatakiongeza. Kuna Mkenya mmoja hapa, Were, mtu wa Busia, anasema nisiende. Anasema watu wanaishi miaka kumi bila karatasi, kazi ya jikoni haiulizi, na nitabadilisha vyumba kila baada ya miezi michache. Ananiambia, "Utarudi nyumbani na nini? Na begi?" Nikifikiria uwanja wa ndege wa Nairobi naona watu wa Ekero waliochanga nauli, naona wewe. Nikifikiria kubaki naona ngazi nyingine na ndoo nyingine.

Umejifunza peke yako kitu ambacho mimi nililetwa huku kujifunza. Nilisoma barua yako ya Juni mara nne. Nilifurahi, wallahi, na niliumia pia. Naandika yote mawili kwa sababu umesema niandike.

Usimwambie Zeituni bado.

Mwanao,
Fatah


Kakamega,
11 Agosti 1997

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata tarehe 4. Hii naiandika kwa kompyuta, na printa inaruka mstari mmoja kila baada ya mistari kumi, kwa hiyo ukiona pengo ni utepe, si mimi.

Nilikasirika. Sitakuficha. Nilikasirika siku tatu, nikafunga ofisi yangu ya taipu, nikaenda Ekero nikakaa kwa Zeituni nikiwa nimenuna kama mtoto, nikisema ni miguu. Sikumwambia. Nilikuwa nakasirika kwamba nimetangaza kwa watu mambo ya mwaka wa tatu ilhali hakuna mwaka wa tatu. Halafu siku ya nne, nikiwa nachambua mboga, nilikumbuka jambo, na hasira ikaniishia yote, nikabaki nimechoka tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata dada yako halijui.

Mwaka wa 1993, walipotupunguza pale ofisi ya mkoa, barua nilipewa tarehe mosi Septemba. Wewe ulikuwa kidato cha nne, umebakiwa na wiki chache ufanye mtihani. Nilikuambia lini? Nilikuambia katikati ya Oktoba, nikasema imetokea jana. Wiki sita zote nilikuwa naamka, navaa ile sketi ya kijani na viatu vya kazi, nakuaga, natoka. Nilikuwa nakwenda kukaa kwenye benchi la hospitali, upande wa wagonjwa wa nje, kwa sababu pale hakuna anayekuuliza unangoja nini. Nakaa mpaka saa kumi, narudi nyumbani, nawe unaniuliza, "Kazi ilikuwaje, Mama?" Nami nasema nyingi. Siku moja muuguzi, Mildred, alinijia akasema, "Mama, umekaa hapa wiki nzima, daktari gani unamngoja?" Nikamwambia nimepona, nikaondoka, nikahamia benchi jingine.

Kwa hiyo mimi sina mdomo wa kukusema. Na najua vizuri unavyojisikia kwenye hizo ngazi, labda kuliko unavyodhani. Uongo wenyewe si mzito sana. Kinachochosha ni kuuvaa kila asubuhi.

Huyo Were simjui, na huenda ananena kwa kukuhurumia. Lakini miaka kumi ya kubadilisha vyumba ni benchi lile lile, Fatah, ila huko hakuna muuguzi wa kuja kukuuliza. Rudi kabla ya siku waliyokupa. Toka kwa mlango wa mbele, na karatasi zako mkononi, watu wakiagana nawe kwa heshima. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Usirudi kwa sababu ya kompyuta. Sikuhitaji kwa kazi hiyo, naiweza. Wiki iliyopita nilimaliza mtihani wa Kiswahili wa shule moja ya Malava, kurasa nane, na mwalimu aliushika akautazama juu chini akasema, "Mama, huu umefanywa wapi?" Nikamwonyesha kiti changu. Shule mbili zimerudi. Tatu hazijarudi, na pengine hazitarudi, kwa sababu Isaiah anawapigia kopi bure. Ni maisha. Ukija, utatafuta lako. Ukitaka kukaa tu kwanza, utakaa.

Watu wa Ekero wataongea. Wataongea wiki mbili, halafu kutatokea harusi ya mtu au matanga ya mtu, na watapata lingine. Zeituni nitamwambia mimi mwenyewe, ukiniruhusu. Atalia, kisha ataanza kutafuta kuku.

Kama utaamua kubaki huko, utabaki mwanangu, na nitaendelea kuandika. Lakini usiniandikie tena kwamba wewe ni mzima kama si mzima. Hilo nimelikataa.

Mama yako,
Hamida


Bremen,
4 Septemba 1997

Mama,

Assalaam aleikum. Barua yako ilifika Jumatatu, na mapengo yake yote.

Nimeisoma ile habari ya benchi. Nimekumbuka ile sketi. Nilikuwa nadhani uliipenda. Hayo tutayasema tukionana.

Nimekata tiketi. Natoka huku Jumatano tarehe 24, na Ijumaa tarehe 26, inshallah, nitakuwa Kakamega, kama mchana hivi. Nilimwambia msimamizi wa maabara. Alinipa mkono, akaenda kufungua madirisha. Were amekasirika nami, lakini amesema atanisindikiza na begi mpaka stesheni.

Mwambie Zeituni. Nakuruhusu. Mwambie asiite watu.

Usinijibu barua hii, maana haitanikuta. Na usije kunipokea kituoni, tafadhali. Nitakuja mwenyewe kwa miguu, najua njia.

Jambo moja tu ninaloliomba. Nikifika nitakusalimu, nitaoga, halafu nitalala. Nadhani nitalala siku mbili. Tangu Oktoba mwaka jana sijalala usingizi wa mtu asiyeficha kitu, na sasa umenilemea wote kwa pamoja, mpaka ninasinzia nikiwa nimeshika ufagio. Ukiona kimya usiogope, wala usiniamshe hata kwa chakula. Nikiamka mwenyewe, niulize yote unayotaka kuuliza. Nitajibu moja moja, kwa ukweli, mpaka uchoke wewe.

Mwanao anayekuja nyumbani,
Fatah